Tulivyomngoja Mgonjwa wa Tatu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, maana siku ya kuniaga mlinisifu kwa mengi nikiwa nimekaa pale mbele na shada la maua ya plastiki mapajani, na hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja hilo. Mlisema Bi Raya mkali, Bi Raya hakosei, Bi Raya hapiti mbele ya friji bila kulifungua. Ukali ule ulikuwa woga. Kutokosea, kama ni kweli, kulikuwa woga. Na friji nililifungua kwa sababu tangu nianze kazi naota limezimika na mimi nimelala.

Mmeniomba niandike ya kazini, nyinyi mliobaki kwenye dirisha la dawa. Vyeo nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunisaidia kulala. Nitaandika yale yaliyonitisha, kwa sababu hayo ndiyo yatakayowafika na nyinyi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa sahani ya kuhesabia vidonge na kijiti chake bapa, nikawekwa mbele ya Mzee Hamad. Huyu alikuwa mkubwa wa chumba cha dawa hapo hospitali, mtu mfupi, kofia imemkaa sawasawa, miwani imefungwa uzi. Alinitazama nikihesabu vidonge vya malaria, vikawa vinaniruka sahanini kama mchele wa kuchaguliwa na mtoto.

“Raya, mkono unatetemeka?”

“Unatetemeka, Mzee.”

“Vyema. Siku ukiacha kutetemeka uniambie, nikakutafutie kazi ya kuuza vitambaa.”

Basi huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kusoma mwandiko wa madaktari, kuinusa dawa iliyoharibika, kumuuliza mgonjwa jina lake mara mbili kwa njia mbili. Na alikuwa na maneno yake ambayo ukiyasikia unacheka, kisha ukifika nyumbani huli. Siku moja tulikuwa tunapakua maboksi, nikasema kwa furaha kuwa mwezi ule dawa zimetoka kwelikweli, rafu ziko tupu. Akasimama. “Hata muuza sanda huomba riziki,” akasema. “Ila yeye hatamki. Na sisi jirani zake, Raya. Ushike ulimi.” Nilicheka. Sikujua kuwa neno lile litakuja kunikalia kifuani nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Miaka ile saratani hatukuwa tukiitaja. Ilikuwa “maradhi yale”. Mwenye uwezo alivuka kutoka Pemba kwenda Unguja au bara, asiye na uwezo alirudi nyumbani kwa asali, kwa dua, na kwa vidonge vya maumivu tulivyompa sisi dirishani tukiangalia chini. Kisha Dokta Shaame akarudi kutoka masomoni. Yeye ni mtoto wa hapa hapa, mpole, anayezungumza kama anaogopa kumwamsha mtu. Akaomba chumba, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, kikapakwa rangi, kikatiwa viti vinne vya kulalia na friji moja. Dawa za saratani zikaanza kuja, na serikali ndiyo inayolipa. Watu walifurahi. Mimi nilitazama bei zilizoandikwa kwenye karatasi za mzigo, nikakaa kitako juu ya boksi.

Ndipo ikaundwa kamati ya dawa. Mwenyekiti Dokta Shaame, mimi upande wa dawa, mkuu wa wauguzi, daktari wa watoto, na Bwana Makame mhasibu. Msimfanye Bwana Makame kuwa mtu mbaya kwenye hadithi hii, maana najua mnamwogopa. Fungu lilikuwa moja. Humo humo mlimo dawa ya saratani ya mtu mmoja ndimo mlimo insulini ya watoto wenye sukari, dawa za presha za wazee, na sindano za mama waliozaa wakivuja damu. Bwana Makame kazi yake ilikuwa kutukumbusha wale wasiokuwepo chumbani. Kila mgonjwa tuliyemjadili alikuwa na daktari wa kumsemea. Wale wa presha hawakuwa na mtu, isipokuwa yeye.

Tulikubaliana mgonjwa asitajwe jina, ili tusipendelee. Isomwe umri, kijiji na maradhi tu. Kwa kisiwa chetu hiyo ni sawa na kumfunika mtu uso ukamwacha atembee. “Mwanamume wa Micheweni, mzee, alikuwa akichonga ngalawa.” Haya, sasa nani hamjui?

Huyo alikuwa wa kwanza tuliyemkatalia. Ini limekwisha, na dawa iliyoandikwa ingemuongezea kama miezi miwili, tena ya kutapika. Bei yake ilikuwa kubwa. Tulijadiliana mpaka chai ikapoa. Nilinyanyua mkono wa kukataa na bado nasema ilikuwa haki. Lakini miezi miwili ni kidogo ikiwa ni ya mtu mwingine. Keshoye mwanawe alikuja dirishani, na mimi nikamwona tangu getini. Nilijua atanitukana. Alipofika aliomba dawa ya maumivu, nikampa, akasema, “Ahsante, Bi Raya, Mwenyezi Mungu akulipe.” Akaenda zake. Usiku ule sikula, na naona angenitukana ningekula.

Sasa nije kwa Bi Time na Bi Mize.

Kulikuwa na dawa moja ya saratani ya titi. Haimfai kila mwenye saratani hiyo, humfaa mwenye aina fulani tu, ambayo hujulikana kwa kukatwa kinyama kikapelekwa kupimwa nje ya kisiwa. Lakini kwa huyo inayemfaa, si dawa ya miezi miwili. Ni dawa ya miaka, na wengine maradhi huwaondoka moja kwa moja. Mgonjwa hutiwa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, kwa muda wa mwaka. Chupa yake ndogo, ndani mna unga mweupe. Unatia maji yake polepole, unaizungusha viganjani bila kuitikisa, maana ukiitikisa inatoa povu na umeshaiharibu. Na ikishachanganywa, ni leo leo. Inayobaki inamwagwa.

Hapo ndipo penye mtihani. Kipimo kinakwenda kwa uzito wa mtu, na chupa ile ilikuwa inamzidi mtu mmoja, ikawa nusu nzima inakwenda kwenye sinki. Bwana Makame alisema hawezi kulipia dawa ya kuoshea bomba. Dokta Shaame akasema, je, wakipatikana wawili wembamba, siku moja, chupa moja? Bwana Makame akapiga hesabu zake. Akasema hapo sawa.

Bi Time alikuwa mtu wa Kojani, mtu mzima, watoto wake wameshaoa na kuolewa. Bi Mize alikuwa wa Micheweni, mkulima wa mwani, kijana bado, ana watoto wadogo na wa mwisho hajaanza hata chuo cha Kurani. Wote wawili walikuwa wamekonda. Dokta Shaame aliwakalisha pamoja akawaeleza yote, kwa sababu yeye haamini katika kumficha mgonjwa. Akawaambia: chupa ni moja, inawatosha kwa kuwa uzito wenu ukijumlishwa haupiti kiasi fulani, na siku ya dawa lazima mfike wote wawili. Bi Time akasikiliza, akauliza, “Na ukipita?” Dokta akasema, “Ukipita tutaangalia, Bi Time. Kwanza mpone.”

Nilikuwepo. Nilisikia lile swali na jibu lake, na sikuona chochote ndani yake cha kuogopa, mimi ninayeogopa kila kitu.

Siku zao za dawa zilinizeesha. Kojani ni kisiwa, na huvuki mpaka upate chombo. Asubuhi nilisimama mlangoni nikitazama barabara. Nilikuwa na sheria moja: chupa haifunguliwi mpaka macho yangu yawaone wote wawili vitini. Bi Mize alikuwa akifika wa mwanzo, anakaa, ananitazama ninavyosokota pembe ya kitambaa cha mezani. “Atakuja, Bi Raya,” ananiambia yeye mgonjwa, ananituliza mimi mzima. Na Bi Time alikuja kila mara, buibui limelowa upindo, viatu mkononi. “Bahari ilikuwa na maneno yake leo,” anasema, na anapanda mizani bila kuambiwa.

Wale wawili wakapendana. Walikuwa wakiitana ndugu wa chupa, kama vile watu wanavyoitana ndugu wa kunyonya, na kuna mgonjwa mmoja wa kiume alimuuliza shehe kama watu waliochangia dripu wanaweza kuoana. Shehe alimwambia kwanza apone. Walipigiana simu kila Ijumaa. Na dawa ilikuwa inafanya kazi. Bi Mize alianza kula. Mashavu yalimrudi, kicheko kilimrudi, akarudi pwani kwenye mwani wake.

Mimi niliyaangalia mashavu yale kwa hofu. Nakwambieni kweli. Mgonjwa wangu ananawiri na mimi naomba asizidi. Kila akipanda mizani nilishika pumzi. Uzito wake ulikuwa umepanda, kisha nampima Bi Time, wake umeshuka. Najumlisha: chupa inatosha. Nashusha pumzi. Safari nyingine vilevile. Huyu kapanda, yule kashuka, jumla iko palepale. Nikashukuru. Safari ya tatu nilipojumlisha na kukuta iko palepale tena, niliirudia hesabu mara ya pili. Miili ya watu wawili waliokaa mbali, mmoja Micheweni na mmoja Kojani, haipatani hivyo kwa bahati.

Nikamtazama Bi Time. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza juu ya kanga. Nilikuwa nimeitazama namba, sikumtazama yeye.

“Bi Time, unakula?”

“Nakula, alhamdulillahi.”

“Umekula nini asubuhi?”

“Leo nimefunga. Nalipa Ramadhani.”

Nilimwambia mgonjwa hana lazima. Akasema anajua, ila deni la Mungu halipendezi kukaa. Neno zuri, nani atalipinga? Nikampeleka kitini. Alipoinuka kufuata dripu yake miguu ikamwishia nguvu, akakaa chini sakafuni taratibu, kama mtu anayekaa kula. Tukamwinua. Dokta Shaame akamsikiliza moyo, akanitazama juu ya kichwa chake, na nikaona kuwa na yeye kaogopa. Dawa ile huulemea moyo, na moyo wa mtu mwenye njaa hauna pa kushikia. Akasema leo hatiwi mtu dawa.

Nilimletea chai na mkate. Akavitazama.

“Bi Time,” nikamwambia, “hizo siku unazolipa zimeshaipita Ramadhani yenyewe. Unamlipa nani?”

Bi Mize alikuwa kitini upande wa pili, hajui lolote, anatutolea macho. Bi Time akashusha sauti asisikike.

“Mwenzangu kanenepa. Hupanda mizani ya banda la mwani, pale wanaponunulia magunia, na Ijumaa ananipigia kunambia kaongezeka. Anafurahi, maskini. Mie nikiisha kusikia ndiyo najua nipunguze kiasi gani. Chupa ni moja, Bi Raya.”

“Na kufunga?”

“Sasa nikae bila ya kula, watoto waniulize? Nikisema nimefunga hakuna anayeuliza.”

“Utakufa, Bi Time.”

“Yeye ana wadogo. Mie wangu wameshakuwa wake kwa waume.” Akaichukua kanga akajifuta uso. “Kwani nyie humo chumbani mnafanya nini? Mnapima nani ana faida zaidi. Na mie nikapima kwangu, nikawapunguzieni kazi.”

Nimekaa katika kamati ile miaka, nimesoma vitabu vyake, nimekwenda semina zake. Sijawahi kusikia kazi yetu ikielezwa kwa ufupi hivyo. Nilikuwa nimeishika birika, na mkono ule wa siku ya kwanza ukanirudia, chai ikamwagika mezani.

Bi Mize alisikia. Chumba kile ni kidogo. Alisimama, akaja, akampigia magoti, akalia kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia. “Kumbe mie nakuua kwa simu,” alikuwa akisema. “Kila Ijumaa nakupigia nakuua.” Bi Time akamwambia wacha makelele, hapa hospitali. Na Bi Mize akaapa palepale kuwa na yeye hali tena. Kwa hiyo sasa nilikuwa na wagonjwa wawili wasiotaka kula.

Kamati iliitwa siku ya pili yake. Dokta Shaame, ambaye sauti yake mnaijua, siku ile ilisikika nje. Alitaka zifunguliwe chupa mbili, wanawake wale wapate kula mpaka washibe, kitakachobaki kimwagwe na dhambi yake aibebe yeye. Bwana Makame alimwacha amalize. Kisha akasema, taratibu, “Dokta, daktari wa watoto huyu hapa pembeni yako. Mwambie yeye insulini ya nani tumwage.” Daktari wa watoto akainama. Nawaapia hakukuwa na mtu mbaya chumbani mle, na hilo ndilo lililonitisha. Akiwepo mbaya, mtu unajua umwogope nani.

Mwisho Bwana Makame akaweka kalamu mezani. “Chupa mbili kwa wawili siwezi. Chupa mbili kwa watatu naweza, kinachomwagika ni kidogo, na nafasi ya kunenepa wanayo. Nionesheni wa tatu, natia saini leo.”

Dokta alisema dawa inaweza kuchelewa kidogo bila madhara, ikizidi hapo maradhi yatajipa nafasi. Bi Time akaamrishwa kula, mwanawe akaamrishwa kumwangalia. Na sisi tukaanza kumngoja wa tatu.

Sasa fikirini maana ya kungoja huko. Wa tatu ni nani? Ni mwanamke wa Pemba aliyeko nyumbani kwake anakuna nazi, au yuko shambani, au anamwogesha mwanawe, na titi lake lina uvimbe. Vinyama vya wanawake kadhaa vilikuwa vimeshapelekwa kupimwa. Majibu yalikuwa yanakuja kwa simu ya Dokta. Kila simu ikilia nilitoka chumba cha dawa nikasimama karibu na mlango wake, nikijifanya natafuta kitu. Jibu likija “hana saratani”, watu wote wanasema alhamdulillahi, na mimi nasema alhamdulillahi, na ndani yangu kitu kinaanguka. Jibu likija “anayo, lakini si ya aina hiyo”, vilevile. Nilikuwa namwogopa Mungu kila nikisimama pale. Nikiswali nilikuwa sijui niombe nini. Nikisema Mola waponye wale wawili, basi tayari nimeshamwombea mwengine. Muuza sanda, aliniambia Mzee Hamad, huomba riziki ila hatamki. Sikutamka. Lakini nilikuwa nikiamka nayo.

Bi Time alipiga simu mara moja. Hakuuliza lolote la dawa. Alisema, “Nakula, Bi Raya. Leo nimekula muhogo na papa.” Kisha, “Bado?” Nikamwambia bado. “Haya,” akasema. “Mungu asimharakishe.” Nikaelewa kuwa na yeye huko Kojani anaogopa lile lile.

Muda Dokta aliotupa ulikuwa unakaribia kwisha simu ilipolia asubuhi moja. Nilisimama pale mlangoni. Dokta akasikiliza, akaandika, akageuka akaniona. Akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, Raya, mama wa watoto na bibi wa wajukuu, nilifurahi. Nimelificha neno hili muda mrefu, nami sitalipamba. Nilifurahi moyoni kama aliyefunguliwa mlango. Kisha nikauliza ni nani.

“Mwalimu Sharifa,” akasema. “Wa Jadida.”

Nilimjua. Ndiye aliyemfundisha mjukuu wangu kusoma, mtoto aliyewashinda walimu wawili kabla yake. Kijana, mwembamba, mchekeshaji, harusi yake tulikwenda. Nilishika fremu ya mlango. Furaha ile ilikuwa bado imo mwilini, haijatoka, na hofu ikaingia juu yake, zikakaa pamoja. Sijui kama zimewahi kuachana.

Bwana Makame alitia saini siku ile ile, kama alivyosema.

Nyinyi wadogo zangu mtakaa kwenye kamati hiyo, na mtafundishwa kupima faida kwa gharama. Jifunzeni vizuri, kwa sababu asiyepima huwaibia wale wasiokuwepo. Mimi sijawahi kuamini kuwa fungu halina mwisho, na atakayewaambia halina hajawahi kushika funguo za stoo. Ila mtazameni mtu kabla hamjaitazama namba yake. Na mkijikuta hamuogopi tena, waambieni wakubwa zenu wawatafutie kazi ya vitambaa.

Siku ya dawa ilipofika Bi Time alikuja na kikapu. Bado alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa ya mtu anayekula. Bi Mize alikuwa ameshafika, na pembeni yake benchini amekaa Mwalimu Sharifa, mkoba mapajani, viatu vya kazini. Kwa muda niliokuwa ndani natayarisha vyombo, Bi Mize alikuwa ameshamsimulia yote, chupa, Ijumaa, banda la mwani, funga. Wapemba hatuwezi kukaa benchi moja na mtu tukamnyima habari.

Bi Time alishuka mizanini, akamshika mikono miwili. “Karibu, mwanangu,” akasema kwa moyo wake wote. “Tulikuwa tukikungoja wewe.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na glavu mkononi. Nilimwona Mwalimu Sharifa analisikia lile neno, na kwa kuwa ni mtu mwenye akili, nilimwona analielewa. Alinigeukia mimi.

“Bi Raya. Mlikuwa mkiningoja mimi?”

Ningeweza kumwambia hapana, Bi Time ni mtu mzima, maneno tu. “Tulikuwa tunangoja mtu,” nikamwambia. “Hatukujua ni wewe.”

“Lakini mlingoja.”

“Tulingoja, mwanangu.”

Dripu ya mgonjwa mwengine ilikuwa inadondoka, unaisikia. Bi Mize alikuwa ameinamisha kichwa. Niliogopa kuwa ataondoka, na chupa mbili ziko mezani, na wale wawili wameshapanda mizani. Nikaogopa zaidi kuwa hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa.

Mwalimu Sharifa akaweka mkoba chini. Akavua viatu, akavipanga, akapanda mizani, akasimama wima kama watoto wake wanavyosimama mstarini.

“Niambieni ukweli,” akasema, anatazama ukutani. “Na mimi nile, au nifunge?”

Bi Time akafungua kikapu, akatoa mkate wa mofa uliofungwa kitambaani, bado una moto, akaumega, akamtilia mkononi.

“Kula,” akamwambia. “Yako nilishakufungia mie.”

Akala palepale juu ya mizani, machozi yanamtoka, anatafuna. Nami nikamsubiri mpaka akamaliza ndipo nikausoma uzito wake.